Ubeti wa Nne

Hesabu ya wiki ile bado ipo daftarini:
siagi ratili sita,
chumvi ya kukaushia nguruwe,
mishumaa dazeni mbili, miwili imeliwa na panya,
Damaris kalipwa ujira wake, pungufu peni moja ya bakuli alilovunja.
Na chini yake, kwa herufi ndogo kama mbegu za haradali,
kichwa cha mfalme.

Tarishi aliingia Hereford na theluji mabegani.
Alisema kwa shoka moja. Alisema umati uliguna
kama ng'ombe mmoja mkubwa, kisha kimya.
Gervase, mume wangu, mtu wa Bunge toka unyweleni,
aligonga meza hadi vikombe vikaruka:
"Tangu leo, hakuna mtu nchi hii mwenye bwana!"
Kisha, pumzi ileile,
"Ursula, nivue viatu."

Nikapiga magoti. Matope yalikuwa yameganda kwenye kisigino.

Usiku ule niliandika beti nne.
Nani atamshuku mke aliyeinamia hesabu?
Kalamu mkononi mwangu ilikuwa mwiko tu, mwembamba kidogo.
Tatu nilimlilia marehemu: shati lake jeupe, baridi,
mbwa wake aliyebaki akinusa mlango.
Sikuwahi kumwona. Nilijua kodi yake ya meli,
nilijua alivyotubania pumzi, na bado nililia.
Ya nne ilikuja yenyewe, sikuiita.

Gervase alizifuma zile tatu, nimezinakili pembeni.
Alisoma akiwa amesimama.
"Choma."
Nikachoma orodha ya sufi ya mwaka juzi.
Aliona moshi, akaridhika, akaomba jibini.

Miaka kumi na moja.
Watoto watano, wawili wako chini ya nyasi za kanisa.
Halafu kengele, kengele mpaka maziwa yakatetemeka kwenye ndoo:
mwana wa yule marehemu amerudi na taji.
Mapipa ya pombe ya matofaa yakafunguliwa njiani,
na majirani, midomo ingali mibichi,
wakaanza kukumbushana nani alisema nini.

Gervase akaja jikoni, asikokaa kamwe.
Akakaa.
Akachezea ganda la yai.
"Yale mashairi yako," akasema. "Ya kulia."
"Uliniamuru niyachome, bwana."
Nikanyamaza kiasi cha yai kuiva.
Sitasema nilimhurumia.
Nilikuwa na watoto watatu na paa moja,
na shingo yake ndiyo iliyoshikilia paa.
Nikafungua daftari.

Alinakili kwa mwandiko wake mpana, ulimi nje kama mvulana.
Mara moja alisita: "Hapa, kwa mbwa, ulimaanisha nini?"
"Andika tu," nikamwambia.
Chini akaweka jina lake, na mkia mrefu wa wino.

Wanasema yalisomwa mbele ya wakubwa wa mji.
Wanasema mmoja alitoa leso.
Alirudi na msamaha wenye muhuri mwekundu,
na wageni walikuja kuuona, wakampiga bega:
kumbe Gervase, moyo laini namna hii!
Nikawamiminia pombe. Damaris alinitazama,
Damaris asiyejua alifu wala be,
akacheka ndani ya aproni.

Ya nne hakuiona. Iko ukurasa uleule,
kiwiko chake kilikuwa juu yake muda wote,
imebanwa kati ya nguruwe na bata:

Taji lilipoanguka, nililia faraghani,
Moyo ukanishituka, swali likaja kinywani:
Mkubwa kihukumika, kasimama kizimbani,
Nani atayemshika mfalme wa nyumbani?

Bata bukini wawili, peni ishirini.
Bado hatujalipa.